Jani Hili Ndilo Lenyewe? Wasomaji Wauliza Kuhusu Kuitambua Mitishamba

Barua tulizopokea safari hii zinazunguka jambo moja. Dawa ya miti imenunuliwa na jina lake linajulikana, lakini aliyeinunua hana hakika kama kilichomo mfukoni ndicho kilichotajwa. Tumechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kufanyiwa kazi nyumbani, dukani au katika maabara ndogo ya chuo.

Ninauza dawa za asili Kariakoo. Sanamaki huwa naichukua kwa gunia, na wateja wawili wamenirudishia wakidai haifanyi kazi. Nitajuaje kama nimeuziwa majani mengine?
*Mama muuza dawa, Kariakoo*

Dada yetu, kabla hujalilaumu jani, waulize hao wateja walingoja muda gani. Viambato vya sanamaki, yaani sennosidi, hupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba karibu bila kunyonywa, hadi kwenye utumbo mpana. Bakteria wa huko ndio wanaovivunja, na hapo ndipo choo hulainika. Kazi hiyo huchukua saa 6 hadi 12. Anayekunywa asubuhi akitarajia majibu kabla ya adhuhuri atasema ameuziwa bandia. Baya zaidi, ataongeza kikombe cha pili, na usiku tumbo litamkata na kumharisha.

Ukishapata jibu hilo, ligeukie gunia. Usichote juu tu, maana vipande vidogo na vumbi huteremka chini, na mwenye nia ya kuchanganya huliweka jani zuri mdomoni mwa gunia. Chota juu, katikati na chini, uchanganye kwenye karatasi safi, utandaze duara na kuligawa robo nne. Ondoa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, urudie hivyo mpaka ubaki na gramu 250 hivi. Mzigo ukiwa wa magunia matano au pungufu, fungua yote. Ukiwa wa magunia 6 hadi 50, fungua matano. Kisha chambua kwa mkono mafungu matatu: vijani (yaani vipande vidogo vinavyounda jani zima), vijiti na vikonyo, na kila kitu usichokitambua. Pima kila fungu kwenye mizani. Kanuni za dawa za Ulaya zinakubali sehemu nyingine za mmea huohuo zisizozidi asilimia 3, na vitu vya kigeni visivyozidi asilimia 1. Kwa gramu 250 hizo ni gramu 7.5 na gramu 2.5. Fungu la vijiti likifika gramu 40, hata kama kila kijani ni halali, umenunua kuni kwa bei ya dawa.

Sasa kijani chenyewe. Loweka vijani ishirini hivi kwenye maji ya moto kwa dakika tano ili vikunjuke, kwa sababu jani kavu lililojikunja hupimwa vibaya. Sanamaki halali, *Senna alexandrina*, huja sokoni kwa sura mbili. Ile ya India ina kijani chenye urefu wa milimita 25 hadi 50 na upana wa milimita 7 hadi 20, umbo la mkuki, rangi ya kijani inayoelekea manjano. Ile ya Misri na Sudan ni fupi zaidi, milimita 15 hadi 40 kwa 5 hadi 15, na rangi yake ina ukijivu. Alama ya kwanza kuitafuta katika zote mbili ni kitako kisicholingana: upande mmoja wa mshipa wa kati huanza chini kidogo kuliko upande wa pili. Ukingo hauna meno na ncha imechongoka. Linganisha na mjohoro, ndugu yake wa karibu uliopandwa kando ya barabara nyingi za jiji hili. Kijani cha mjohoro kina ncha ya mviringo, mara nyingi na kikato kidogo chenye unywele mmoja, na kitako chake ni cha duara. Ukiona ncha butu nyingi kwenye gunia la sanamaki, usiendelee kuuza.

Ikiwa jani limeshasagwa, hapo macho hayatoshi tena na utahitaji mtu mwenye hadubini. Mwambie atafute mambo manne kwa pamoja. La kwanza ni stomata, yaani vitundu vya jani vya kupitishia hewa, zenye seli mbili za pembeni zinazolala sambamba na mdomo wa stomata. La pili ni vinyweleo vya seli moja, vyenye ukuta mnene uliojaa vipele, vifupi, ambavyo havizidi mikromita 260 hivi, yaani milimita 0.26. La tatu ni nyuzi za mishipa zilizozungukwa na safu ya fuwele za kalsiamu oksaleti zenye pembe, zikifuatana kama shanga kwenye uzi. La nne huonekana kwenye kipande kilichokatwa kwa wembe: seli ndefu za kutengeneza chakula ziko pande zote mbili za jani, juu na chini, wakati majani mengi huwa nazo juu tu. Alama moja kati ya hizi inaweza kupatikana katika mimea mingine mingi. Zikikutana zote nne, na kijani kizima nacho kikawa na vipimo tulivyotaja, unaweza kuuza ukiwa na amani.

Kutenganisha sura hizo mbili za sanamaki kunataka kuhesabu. Chukua kipande cha milimita 5 kutoka katikati ya kijani, baina ya ukingo na mshipa wa kati. Hesabu stomata na seli za kawaida za ngozi ya jani katika eneo moja la kuonea, gawanya idadi ya stomata kwa jumla ya stomata na seli, uzidishe kwa 100. Ukipata stomata 24 na seli 116, hiyo ni 24 kwa 140, yaani 17.1. Aina ya India hukaa kati ya 14 na 20, aina ya Misri kati ya 10 na 15. Hesabu ya sehemu moja haifai kutolea uamuzi. Fanya kumi uchukue wastani. Ukiangukia 14 au 15, namba haijakuambia kitu, rudi kwenye vipimo vya kijani.

Kuna jani jingine la kuogopa, *Senna auriculata*, ambalo limewahi kuuzwa kama sanamaki katika biashara ya kimataifa. Halina kabisa viambato vya kulainisha choo. Vinyweleo vyake ni virefu na vingi zaidi, na unga wake ukidondoshewa asidi ya salfuriki ya asilimia 80 hugeuka mwekundu wa damu. Asidi hiyo huunguza vibaya, kwa hiyo kipimo hiki ni cha maabara, si cha dukani.

Nikichemsha unga wa tangawizi kwenye klorali haidreti sioni chembe hata moja ya wanga, ingawa tumefundishwa kwamba umejaa. Baada ya muda slaidi hujaa sindano zinazong'aa, na viputo vya hewa haviishi. Nakosea wapi?
*Mwanafunzi wa stashahada ya ufamasia, Mbagala*

Hujakosea kuchemsha, umekosea kuanza na klorali. Kazi ya klorali haidreti ni kusafisha: huondoa rangi ya kijani, protini, mafuta mepesi, na wanga nao huvimba na kuyeyuka. Ndiyo maana nyuzi na fuwele huonekana vizuri ndani yake, na ndiyo maana wanga hauonekani. Slaidi ya kwanza ya unga wowote iwe ya maji matupu ya baridi. Tazama umbo la chembe za wanga, uzipime, kisha gusisha tone dogo la ayodini iliyozimuliwa ukingoni mwa kifuniko, ulivute kwa karatasi ya kunyonya upande wa pili. Ayodini ikiwa kali mno, chembe huwa nyeusi tii na kitovu chake, ile alama ilipoanzia kukua, hakionekani tena. Slaidi ya pili ndiyo ya klorali.

Sindano unazoziona ni klorali yenyewe. Mchanganyiko wa kawaida ni gramu 50 katika mililita 20 za maji, karibu umejaa kupita kiasi, na maji yakipungua kwa joto unaganda. Tone la gliserini likiongezwa slaidi ikiwa bado na uvuguvugu hulizuia hilo. Usizichanganye na fuwele za mmea. Sindano za klorali huanzia ukingoni mwa kifuniko, ni kubwa, zimesambaa kama manyoya, na ukipasha moto slaidi hupotea. Kalsiamu oksaleti haipotei kwa joto. Huyeyuka katika asidi haidrokloriki bila kutoa povu, wakati kalsiamu kaboneti hutoa povu palepale. Tofauti hii ndogo imewaokoa wengi wasiandike fuwele ambazo mmea hauna.

Kuhusu viputo, kwanza unga wako ni mwingi. Kinachotakiwa ni kile kinachobaki kwenye ncha ya sindano iliyolowanishwa, si ncha ya kijiko. Uwe umepita kwenye chekeche laini, kwani punje moja nene huinua kifuniko na hewa huingia. Pasha kwa moto mdogo huku ukiisogeza slaidi huku na huko, uiondoe inapoanza tu kuchemka, uirudishe, mara mbili au tatu, ukiongeza tone la klorali kila linapopungua. Ukiiacha juu ya moto, huchemka kwa kishindo na unga wote hukimbilia nje. Kifuniko kishushwe kwa mshazari, ukingo mmoja ukigusa kwanza. Kiputo kikibaki, utakijua kwa duara lake jeusi nene. Tone la mafuta lina mstari mwembamba na ndani yake mna ung'avu wa manjano.

Slaidi ya tatu ni ya kutafuta seli zenye lignini, kile kinachoupa mti ugumu. Weka floroglusinoli ya asilimia 1 katika spiriti, acha karibu ikauke, ongeza tone la asidi haidrokloriki kali, funika upesi. Lignini huwa nyekundu. Katika tangawizi nyuzi hazishiki rangi hiyo, na mirija ya maji hushika kidogo tu. Tangawizi haina seli mawe kabisa, kwa hiyo ukiona makundi ya seli nene zilizoiva nyekundu, kuna kitu kingine ndani ya unga. Mvuke wa asidi hula lenzi; futa slaidi kabla ya kuiweka kwenye jukwaa la hadubini na usiiache hapo wakati unakwenda kunywa chai. Baadhi ya wanafunzi husafishia majani kwa jiki badala ya klorali. Inafaa kwa vipande vya jani, mradi yaoshwe kwa maji mara kadhaa baadaye. Jiki isikutane na asidi hata kwa tone, kwa sababu hutoa gesi ya klorini.

Umeuliza pia pembeni ya barua namna ya kupima bila slaidi ya kipimo. Soma namba iliyoandikwa kwenye lenzi ya jicho baada ya alama ya ukuzaji. Ikiwa ni 18, gawanya kwa ukuzaji wa lenzi ya chini. Kwa lenzi ya 40 eneo lote unaloliona lina upana wa milimita 0.45, yaani mikromita 450. Kitu kinachochukua moja ya kumi ya upana huo ni mikromita 45. Ni makadirio, lakini yanatosha kutofautisha chembe ya mikromita 5 na ya 30. Chuo kikiwa na slaidi ya kipimo, itumie, na urudie kila unapobadili lenzi.

Jirani ameniambia nidondoshee ayodini kwenye unga wa tangawizi na wa manjano. Ukigeuka bluu, umechanganywa na sembe. Yote imegeuka. Je, niitupe?
*Mfanyabiashara wa viungo, Tandika*

Usiitupe. Kipimo ulichoambiwa kinakamata vitu visivyo na wanga vilivyochanganywa na wanga. Tangawizi na manjano ni mashina ya chini ya ardhi, ghala la wanga la mmea wenyewe, kwa hiyo ayodini itageuka bluu au nyeusi hata kwenye unga safi kabisa. Jibu liko kwenye umbo la chembe.

Wanga wa tangawizi ni bapa, una umbo la kifuko, na kitovu chake kipo kwenye ncha iliyochongoka. Chembe kubwa hufika mikromita 50 kwa urefu na kama 25 kwa upana. Wanga wa mahindi una pembe nyingi, na katikati mna ufa au alama ya nyota. Hauzidi mikromita 30 hivi. Muhogo hutoa chembe za duara ambazo upande mmoja umekatwa, kama ngoma ndogo, mikromita 5 hadi 35. Ngano inajulikana kwa makundi mawili, chembe kubwa za duara bapa zikizungukwa na vidogo vingi, huku chembe za ukubwa wa kati zikiwa chache. Mchele ni mdogo sana, mikromita 2 hadi 5, wenye pembe. Mtu aliyeziona mara moja kwenye slaidi ya sembe ya dukani, unga wa muhogo na unga wa ngano hazisahau, na maandalizi hayo yote ni ya dakika kumi. Anza na hizo kabla ya kugusa unga unaoushuku.

Manjano yana siri yake. Mashina yake kwa kawaida huchemshwa kabla ya kukaushwa, na wanga wake huiva na kushikamana kuwa mabonge ya manjano. Ukikuta kwenye unga wa manjano chembe nyingi nzima, zenye pembe, nyeupe, zinazoelea peke yake nje ya mabonge, sembe imeingia baada ya kusaga. Mambo mawili yanaweza kukudanganya hapa. Manjano yaliyokaushwa bila kuchemshwa hubaki na chembe nzima, ila hizo ni bapa kama za tangawizi. Na mashine ya kusaga iliyotoka kusaga mahindi huacha mabaki. Chembe mbili tatu katika kila eneo la kuonea zinaweza kuwa uchafu wa mashine tu. Zikiwa zinashindana kwa wingi na mabonge ya manjano, huo ni mchanganyiko wa makusudi.

Rangi za kuongezewa ni jambo la hatari kuliko sembe. Unga wa manjano uliong'aa kupita kawaida, hasa wenye punje za manjano zisizopitisha mwanga chini ya hadubini, upelekwe maabara kupimwa madini ya risasi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kipimo cha jikoni cha kuaminika cha kuiona.

Tumepokea mgonjwa aliyekunywa majani ya kuchemsha: mboni zimetanuka, kinywa kikavu, ngozi ya moto, anaongea ovyo. Ndugu zake wanasema ni dawa ya kifua. Tungetafuta nini kwenye masalia ya majani?
*Muuguzi, Temeke*

Dalili hizo ni za sumu ya mimea iitwayo atropini na jamaa zake, na mgonjwa ahudumiwe kwa dalili hizo bila kungoja jani litambuliwe. Mmea wa kwanza wa kuushuku ni datura, ule wa majalalani wenye maua kama tarumbeta na tunda lenye miiba. Kuna waliovuta majani yake kutibu pumu tangu zamani, ndiyo maana neno "kifua" linapotajwa linapaswa kuwashtua.

Waambieni ndugu wasimwage sufuria. Majani yaliyochemshwa hupoteza rangi na harufu, lakini kuta za seli, vinyweleo na fuwele hubaki. Weka sehemu kwenye chupa yenye spiriti ya asilimia 70, na kama kuna majani makavu ambayo hayajapikwa yaweke kwenye bahasha ya karatasi. Andika tarehe, saa, na nani ameyaleta.

Chini ya hadubini jani la *Datura stramonium* huwa na stomata zilizozungukwa na seli tatu, moja ikiwa ndogo kuliko zenzake. Vinyweleo vya seli 3 hadi 5 zilizopangwa mstari mmoja, ukuta una vipele. Na ndani ya jani safu ya fuwele zilizokusanyika kama ua, karibu moja kwa kila seli. Mnavu ni wa ukoo huohuo na stomata zake ni za namna hiyo, kwa hiyo stomata peke yake zisiwape hakika. Mkipata mbegu kazi inakuwa rahisi: umbo la figo, rangi ya kahawia iliyoiva hadi nyeusi, urefu wa milimita 3 hivi, juu zimejaa vishimo.

Kwenye kiwanja chetu kuna mti tunaouita mwarobaini, lakini maua yake ni ya zambarau. Mama mkwe anataka kuchuma majani awaogeshee wajukuu.
*Msomaji, Mbezi*

Mshikeni mama mkono kwa heshima, asichume. Mwarobaini, *Azadirachta indica*, una maua meupe yenye harufu kama ya asali. Maua ya zambarau yenye mrija mweusi katikati ni ya *Melia azedarach*, mti wa ukoo mmoja nao, ambao matunda yake yana sumu.

Maua hayapo mwaka mzima, basi jifunzeni jani. La mwarobaini lina kikonyo kimoja kirefu na vijani vimepangwa pande mbili moja kwa moja juu yake, kila kijani kimepinda kama mundu, kina meno na kitako kisicholingana. La Melia hugawanyika mara mbili, hata tatu: kikonyo kikuu hutoa vikonyo vidogo, na vijani huota kwenye hivyo vidogo. Kosa la kawaida ni kuchuma kipande cha jani la Melia na kudhani ni jani zima. Fuateni kikonyo hadi kinapoungana na tawi, pale penye kichipukizi. Chochote kilicho mbele ya kichipukizi hicho ni jani moja. Tunda la mwarobaini ni refu kidogo kama zeituni. La Melia ni la duara, manjano, lenye kokwa ngumu yenye mifereji, na hubaki likining'inia hata majani yakishapukutika. Hayo ndiyo watoto huyaokota. Mtoto akiyala, akatapika, akaharisha au akalegea, mkimbizeni hospitali na tunda moja mkononi.

Mdalasini mwembamba na mnene, upi wa kweli?
*Msomaji, Ilala*

Unene unasaidia ila usiutegemee peke yake. Mdalasini wa Ceylon, *Cinnamomum verum*, ambao ndio unaolimwa Zanzibar, ukichunwa kutoka matawi machanga na kukwanguliwa ganda la nje huwa chini ya milimita moja, tabaka nyingi zimeviringishwa pamoja, na huvunjika kwa vidole. Kasia, yaani mdalasini wa Uchina, ni nene na ngumu, tabaka moja limejikunja pande mbili kuelekea ndani. Tatizo ni kwamba gamba la mdalasini wa kwetu likichunwa kwenye shina kuukuu na kuachwa na ganda lake, nalo huwa nene na gumu. Hapo unga hutazamwa kwa hadubini: chembe za wanga za *verum* kwa kawaida hazifiki mikromita 10 na nyuzi zake hazizidi 30 kwa upana. Kasia ina chembe nyingi zinazopita 10, na nyuzi zake hufika 40.

Kwa anayetia kipande kwenye chai haina uzito mkubwa. Kwa anayekunywa vijiko vya unga kila siku kwa ajili ya sukari ni jambo la kujali, kwa sababu kasia ina kumarini nyingi, ambayo huweza kudhuru ini. Kiwango kinachokubaliwa Ulaya ni miligramu 0.1 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Na dawa za hospitali zisiachwe.

Programu ya simu inayotambua mimea inatosha?
*Kijana, Kigamboni*

Inatosha kukupa jina la kuanzia kutafuta, kwa mmea ulio hai wenye ua au tunda. Kwa majani makavu, magamba na unga haifai. Piga picha nne: mmea mzima, namna jani linavyoungana na tawi, upande wa chini wa jani, na ua au tunda kwa karibu. Jina litakalokuja lihakikishwe na mtu.

Nikitaka sampuli yangu ithibitishwe hapa Dar es Salaam, niende wapi na nibebe nini?
*Mganga, Ubungo*

Taasisi ya Tiba Asili ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti, ndiyo mlango wa kwanza. Idara ya Botania ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, ina hifadhi ya mimea iliyokaushwa ambayo sampuli yako inaweza kulinganishwa nayo. Kwa kusajili dawa, sheria ya mwaka 2002 ya tiba asili na tiba mbadala inalihusu Baraza lenye jina hilo, na vipimo vya kemikali hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Ulizeni ada kabla ya kwenda.

Usibebe unga peke yake, mzee wetu. Hadubini hukataa kwa uhakika zaidi kuliko inavyokubali: inaweza kusema kwa yakini kwamba huu si mmea uliotajwa, lakini kusema ndio wenyewe inahitaji unga wa kulinganishia uliotoka kwenye mmea uliokwisha kutambuliwa, na uwe wa sehemu ileile. Unga wa mzizi haulinganishwi na wa jani.

Kwa hiyo nenda pale unapochuma, ukate tawi la sentimita 30 hadi 40 lenye majani na ua au tunda, na kama ni mmea mdogo ung'oe na mizizi. Litandaze ndani ya gazeti, jani moja ukiligeuza ili upande wa chini uonekane, weka maboksi yaliyokatwa juu na chini, ufunge kwa kamba au uwekee kitu kizito. Badilisha magazeti kila siku mpaka likauke. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, unyevu wa pwani huotesha ukungu upesi. Weka mbele ya feni na usifunge kwenye plastiki. Andika hapohapo porini mambo yatakayopotea likikauka: rangi ya ua, harufu, utomvu, urefu wa mmea, mahali, tarehe, na jina kwa lugha ya wenyeji. Pamoja na tawi, beba gramu 100 hivi za dawa ileile unayoitumia, kabla haijasagwa. Nyingine kama hiyo ibaki kwako kwenye bahasha yenye tarehe hiyohiyo, maana wakikuuliza swali baada ya wiki tatu utahitaji kuirudia.